Vibati vya San Eladio

Mtaa wa Bandarini, nyumba 418,
Iquique.
14 Agosti 1963

Mpendwa mjukuu wangu Rosalba,

Kuna jambo nimekuficha tangu ulipojifunza kuniita babu, na kabla yako nilimficha baba yako. Siku vibati vya mshahara vya kampuni vilipogeuka takataka kule kambini San Eladio, mimi nilikuwa nimekwisha kujua. Nilijua siku saba kabla, na sikumwambia ndugu yangu Nicanor, babu yako mzaa baba. Nimeliandika hili mwanzo ili nisipate nafasi ya kulikimbia.

Sasa nikujulie hali. U mzima? Upepo wa Punta Arenas umekupunguzia kile kikohozi au umekiongeza? Na mumeo Anselmo, mgongo wake umepona? Mimi kifua kimechoka. Daktari husikiliza mgongo wangu kisha huanza kuzungumzia hali ya hewa, nami nimesoma vya kutosha kumwelewa. Doña Filomena, jirani yangu, huniletea supu, nami hula nusu. Uniwie radhi kwa mwandiko.

Barua yako niliipata Jumanne. Umeniomba mifano ya kuwafundishia wanafunzi wako fedha, bei na akiba, mifano ya watu waliokuwa hai, si ya vitabuni. Umeniambia pia kwamba mhasibu mpya wa shule yenu anaitwa Ugarte, mjukuu wa yule mlinzi wa kampuni, na kwamba humwitikii salamu. Unataka kuwasimulia wanafunzi jinsi babu yake alivyomuua babu yako. Basi nisome hadi mwisho kabla hujaingia darasani.

Tuanze na fedha. Kambini tulichimba shura, ile chumvi ya mbolea na baruti, kwenye jangwa lisilo na hata nyasi, na mshahara wetu ulikuwa vibati vya shaba vyenye tundu katikati. Katika duka la kampuni kibati kimoja kilikuwa peso moja. Hatua mia nje ya geti kilikuwa kifungo cha koti. Aliyetaka peso za kweli alikatwa thelathini katika kila mia. Nicanor alikuwa akikichungulia kibati kwa jicho moja na kuwaambia wenzake, "Jamani, mshahara wangu naona mpaka upande wa pili." Tulicheka, kwa maana kunung'unika kulikuwa na faini. Waambie wanafunzi kwamba fedha ni ahadi, kisha waulize ni nani mwenye uwezo wa kuivunja.

Kuhusu bei, wasimulie habari za Petrona Mamani. Alishuka kutoka milimani na nyumbu aliyebeba mikate na nyama kavu ya lama, wale wanyama wa sufu wa huko juu, akauza nusu ya bei ya duka. Walinzi walimkamata kando ya reli. Ugarte, mkuu wao, alimpiga nyumbu risasi ya sikio, akaimwagia mikate mafuta ya taa, na Petrona alipojaribu kuokoa mkate mmoja alimvunja mkono kwa kitako cha bunduki.

"Mungu ni mmoja, mama, na duka ni moja," alimwambia.

"Basi Mungu wako anapunja mizani," Petrona akamjibu akiwa chini.

Alipigwa tena, meno mawili yakatoka. Mimi nilikuwa nimesimama pale, karani wa duka, penseli sikioni. Vitabu vinasema bei huzaliwa muuzaji na mnunuzi wanapokutana. Ni kweli, wakiachwa wakutane.

Nije kwenye akiba, na hapa ndipo mikono yangu inapoanza kuchafuka. Jumapili niliwafundisha wachimbaji kusoma na kuhesabu katika zizi la nyumbu, na somo nililolipenda kuliko yote lilikuwa kujiwekea. Haba na haba, niliwaambia. Nicanor alinitii kuliko wote. Miaka minne alijinyima tumbaku na kileo, akajaza kopo la biskuti vibati mia sita na arobaini. Alitaka kumshusha bibi yako Zoila na baba yako, aliyekuwa na miaka mitatu, waje hapa Iquique wafungue duka la mikate. Alitaka kuvibadilisha mapema hata kama angekatwa. Nilimzuia. Meneja alikuwa ameahidi kwamba atakayengoja mwaka mpya hatakatwa kitu, nami nilimwamini. Nilimfundisha ndugu yangu kuweka. Sikumfundisha kuuliza anachoweka kina thamani kwa nani.

Kisha ikaja Jumatatu moja ya Agosti 1912. Meneja alinipa tangazo ili nilinakili kwa mwandiko mzuri: kuanzia Jumatatu inayofuata vibati vya shaba vinakoma, vinaingia vipya vya mpira mgumu mweusi, na vya zamani havitapokewa. Akaniambia naweza kubadilisha vyangu vyote kwa peso, bila kukatwa, mradi nifunge mdomo. Nilikuwa na mia mbili na kumi na mbili. Nilibadilisha siku ileile.

Alhamisi nilikula kwa Nicanor. Zoila alipika maharage na kitunguu. Kopo lilikuwa chini ya kitanda, karibu na mguu wangu. Nilisema chumvi imekolea vizuri.

Jumatatu asubuhi nililibandika tangazo mlangoni. Meneja alikuwa ameondoka na treni ya alfajiri. Dukani tulibaki Ugarte, walinzi wawili na mimi, na kila mmoja alipewa bunduki, hata mimi karani. Watu walikuja na makopo, soksi, foronya za mito. Mwanzoni walipanga foleni. Vibati vya mtu wa kwanza viliporudishwa, jiwe lilivunja dirisha. Mlinzi mmoja akafyatua hewani. Wa pili hakufyatua hewani, na mchimbaji mmoja Mbolivia aliyeitwa Casimiro akaketi chini akiushika utaya wake, ambao haukuwapo tena. Wanawake wakaanza kuupiga mlango kwa makoleo.

Nicanor aliingia kwa dirisha lililovunjika, vioo vikamchana mikono. Akaliweka kopo kwenye kaunta mbele yangu.

"Hesabu, mwalimu," akasema.

Ugarte alicheka. "Akuhesabie ya nini? Ndugu yako keshabadilisha vyake tangu wiki iliyopita. Kwani hakukwambia? Ndugu gani nyie."

Nicanor alinitazama. Damu ilikuwa ikimtiririka mpaka kwenye vidole na kudondokea kopo.

"Alhamisi ulikula kwangu," akasema. Hakupaza sauti.

Kisha akapanda kaunta kunijia, na bunduki ikalia. Risasi ilimwingia chini ya koo. Aliliangukia kopo, likapasuka, na vibati vikaviringika ndani ya damu yake hadi chini ya magunia ya unga.

Mlango ukaanguka. Wachimbaji walipomwona sakafuni waliuliza neno moja tu: nani? Nilimnyooshea kidole Ugarte. Alianza kusema kitu, lakini koleo lilimfika kwanza. Walimburuta nje wakampiga kwa sururu na mawe, kwa muda mrefu, mpaka wake zao wakaona haya kutazama. Alimwita mama yake. Adhuhuri treni ilileta askari, nao wakawapanga watu kumi na mmoja kwenye ukuta wa ghala wakawaua. Zoila alimwosha mumewe kwa maji aliyonunua katika duka lilelile, kwa vibati vyeusi nilivyompa mimi.

Kwa zile peso mia mbili na kumi na mbili tuliondoka jangwani mimi, Zoila na baba yako, nikasomea ualimu, nikamlea na kumsomesha baba yako. Alinishukuru mpaka siku aliyokufa, nami nilizipokea shukrani zake.

Nisalimie Anselmo. Nibusie Otilia na Lautaro, na dada yako Herminia mwandikie kwamba ile shali yake ndiyo inayonifunika ninapoandika. Mungu akutangulie popote uendako, awape watoto wako afya na chakula cha halali, na akujalie moyo mpana kuliko wangu. Salamu hizi nimezitanguliza kwa makusudi, kwa sababu ukimaliza mistari inayofuata huenda usitake kuzifikisha.

Mwitikie salamu mhasibu wenu. Babu yake alikuwa katili; alimvunja Petrona mkono, na hilo wasimulie wanafunzi bila kumwonea haya mtu. Lakini Nicanor alipopanda kaunta, bunduki ya Ugarte ilikuwa imeegemea ukuta, na mikono yake ilikuwa kiunoni, akicheka. Niliyefyatua ni mimi. Kwa miaka hamsini na mmoja nimejiambia kwamba vidole vilitetemeka, kwamba ilikuwa bahati mbaya. Si kweli, Rosalba. Nilimlenga.

Ni mimi, ambaye hata sasa ningali nakupenda,
Babu Eulogio Vicencio