Mashine ya Baba Yako

Nyumba ya kona,
Nyuma ya shule ya msingi.
14 Machi

Mpendwa mpwa wangu, Bi Fundi,

Marahaba kwa shikamoo uliyoniandikia. Hujambo? Kile kikohozi cha baridi kimekuacha? Mumeo na mapacha wanaendeleaje? Sisi huku tu wazima. Goti langu linalalamika kwenye ngazi, ila baada ya miaka thelathini na minne mbele ya ubao, lina haki yake.

Uliniomba nikutafutie karakana ya bei nafuu yenye mashine ya kuchonga mifereji kwenye chuma, ili ukija likizo mwezi wa sita umalizie pampu ya maji unayomtengenezea mama yako. Ukasema mashine ya kukereza, ile inayozungusha chuma kikichongwa, nisihangaike nayo, kwa kuwa ya marehemu baba yako ipo stoo kwangu. Sentensi hiyo nimeisoma mara nyingi kuliko barua nzima.

Haipo, mwanangu. Niliiuza mwaka juzi kwa mnunuzi wa vyuma chakavu.

Nakueleza ilivyokuwa, si kwa kujitetea. Baba yako aliileta mwenyewe kabla hajalazwa, imefunikwa turubai, akaniomba nikutunzie. Miaka ikapita. Nilipofunua turubai niliikuta ya kahawia kila mahali, inabanduka magamba ukiigusa kwa ukucha. Nikasema kutu imeshaila. Mimi niliyewafundisha watoto wa watu kuchunguza kabla ya kujibu, sikuchukua hata kitambaa nikafuta. Hivi sasa mahali pake pana kabati langu la vitabu.

Ndiyo maana nimechelewa kukujibu. Nilikuwa nikizunguka karakana. Wewe uliulizia mashine moja, mimi naulizia mbili. Karakana ya kwanza walitaka ukodi siku nzima, na mtu wao akusimamie. Ya pili fundi alinicheka, akasema mashine si baiskeli ya kuazima kwa jirani.

Ya tatu ni ya chuo cha ufundi. Kila Jumamosi mwalimu wao huwafungulia watu wa nje. Unakuja na chuma chako, unachangia kidogo kwa ajili ya umeme, na ukimaliza unafagia. Alinitembeza. Mwisho wa safu niliona mashine ya kukereza yenye kishikio cheupe cha droo kwenye mpini wake. Unakikumbuka. Baba yako alikichomoa kwenye droo ya mama yako, naye hadi leo anaivuta kwa uzi.

Nilimuuliza mwalimu ameipata wapi. Akasema kwa muuza vyuma chakavu.

"Aliyeiuza hakuijua, mzee wangu. Haikuwa kutu ile, ni grisi iliyokauka. Mwenyewe aliipaka nene ili kutu isiiguse. Tuliifuta kwa mafuta ya taa, chini inang'aa kama sahani."

Ningeweza kuitikia tu nikaondoka. Nikamwambia, "Aliyeiuza ni mimi."

Hakunilaumu, na hilo ndilo lililoniuma. Nilimsihi aniuzie tena, akasema imeshaandikwa mali ya chuo. Ila nilipomweleza habari zako, amekutengea asubuhi za Jumamosi zote za likizo yako, mashine zote mbili, bila mchango. Sharti lake ni kufagia, na hilo nimelichukua mimi. Nimekwisha anza. Vipande vya chuma hujikunja kama maganda ya viazi, na huingia hadi kwenye soksi.

Mama yako nilimwambia jana. Chai alinipa, sukari hakunipa. Nawe sikuombi unisamehe kwa barua. Ukija, pitia chuoni kwanza ukaiwashe. Nitakuwepo na ufagio wangu. Kama utakuwa na neno la kuniambia, nitalipokea hapo, mbele ya mashine hiyo.

Nisalimie mumeo, wabusu mapacha, na shangazi yako wa huko mwambie simu yake niliipata. Mungu akulindie mikono yako hiyo, aliyokupa baba yako.

Mimi mjomba wako, nikupendaye hata nilipokukosea,

Mwalimu

Kishikio cha droo nimekikaza. Kilikuwa kimeanza kulegea.