Ushuhuda wa Nyumba za Barabara ya Ziwa

Dubai, 12 Januari 2024

Kwa Dada Jerop,

Salamu za mwaka mpya. Mimi ni mzima, na joto la huku limepungua. Magoti yako yanaendeleaje na baridi ya Eldoret?

Dada, ile ndoto ya kujenga flati kwenye shamba aliloniachia Baba hapo barabara ya Ziwa imeanza kupata miguu. Ofisi ninayofanyia kazi inauza nyumba, nami nimejifunza jinsi matajiri wanavyotafutwa. Nchi zetu wanaziita masoko yanayochipuka, utadhani ni mahindi. Wawili wamekubali kunisikiliza. Lakini swali lao la kwanza halikuwa la hati wala la michoro. Waliuliza, "Wenyeji wenyewe wameweka pesa?" Hakuna mwekezaji anayependa kuwa wa kwanza.

Wewe ndiwe unayeongoza wamama wa kanisa lako, na wanakuamini. Ongea nao, hata wachache wakinunua hisa inatosha. Pesa yao itachimba msingi, na hawa wa huku wakiuona watatoa iliyobaki.

Ndugu yako mdogo,
Collins


Eldoret, 29 Januari 2024

Kwa Collins ndugu yangu,

Bwana asifiwe sana. Goti la kulia linasumbua, la kushoto nashukuru Mungu. Naandika kwa karatasi halafu naipiga picha nikutumie, maana vidole vyangu na simu havisikizani.

Jana nilisimama kutoa ushuhuda. Unajua sisi hushukuru kabla ya kupokea, ndiyo imani yenyewe. Nikasema, "Bwana ametupa nyumba ishirini na nne barabara ya Ziwa." Sikusema atatupa. Vigelegele vilijaa kanisa. Baada ya ibada wamama kumi na mmoja wakanifuata. Mama Wabuge, yule mjane anayetoka Turbo, anauza ng'ombe wake wa maziwa, na hana mwingine. Nilimwambia angoje kidogo, akasema mambo ya Mungu hayangojewi.

Jirani yangu Hawa, wa duka la vitambaa, alizisikia hizo habari akaniuliza, "Jerop, hizo nyumba umeingia ndani ukaona choo?" Nikamwambia mwenye imani haulizi choo. Alicheka mpaka akashika meza. Akasema hata wao Waislamu wanaomba, lakini fundi wanamlipa akishajenga.

Nitatuma pesa zikikusanyika. Zilinde, Collins.

Dada yako,
Jerop


Eldoret, 17 Juni 2024

Kwa Collins,

Nakusalimu katika jina la Bwana. Kama uko mgonjwa niambie, nifunge na kuomba. Tangu uliponiambia mwezi wa tatu kwamba pesa zimefika, nimekutumia barua mbili, na simu inaonyesha umezisoma zote.

Juzi Jumamosi wamama walitaka kuona msingi. Tulienda sote, wao wamevaa sare zao za kanisa kama watu wanaoenda kuzindua jengo. Tukakuta vigingi vinne, na magugu yamefika kiunoni. Hakuna aliyenitukana. Mama Wabuge alizunguka vile vigingi kimoja kimoja, polepole, kisha akaniuliza nyumba yake ingekuwa upande gani.

Nikamwonyesha, Collins. Nilinyoosha mkono nikamwonyesha.

Niandikie.

Dada yako,
Jerop


Dubai, 2 Septemba 2024

Dada mpendwa,

Natumai u mzima. Mimi afya ninayo, amani sina.

Msingi haukuchimbwa. Pesa ya wamama nilikodia meza kwenye maonyesho ya wauza nyumba, siku tatu, na nyingine nikachapishia vitabu vya picha za flati zetu. Sikula hata shilingi moja. Niliona nikipata tajiri mmoja mkubwa, huo msingi ungechimbwa kwa wiki moja. Watu walisimama, wakasifu picha, wakachukua peremende nilizoweka mezani. Wale wawili wa kwanza wanasema watangoja waone kuta.

Lakini yuko mwingine, na huyu ana hamu kweli. Anataka tu kumsikia mwenyeji aliyeweka pesa yake. Simama kanisani mara moja tena, ushuhudie kwamba kazi inaendelea, mtu akurekodi kwa simu. Si uongo, Dada. Ni ushuhuda kama ule wa kwanza.

Ndugu yako mdogo,
Collins


Eldoret, 16 Septemba 2024

Kwa mdogo wangu,

Pokea salamu. Huku mvua inanyesha, na mimi nipo.

Barua yako nimeisoma mara nyingi. Yale maneno ya mwisho ndiyo yaliyoniangusha, kwa sababu ni ya kweli.

Jana nilisimama. Nikasema, "Ushuhuda niliotoa mwezi wa kwanza naurudisha. Hizo nyumba hazipo. Nilimshukuru Mungu mbele yenu kwa kitu ambacho sikuwa nimekiona, na ninyi mkanunua shukrani yangu." Hakuna aliyesema amina. Uongozi wa wamama nimeuacha, sikungoja kuambiwa.

Baadaye wale kumi na mmoja walikaa na mimi. Nikawaeleza habari ya meza na peremende. Mmoja alitaka twende polisi, na sikumlaumu. Mama Wabuge akamkataza. Akasema, "Mimi Collins sikumsikia. Nilimsikia Jerop. Sasa nataka kumsikia Collins." Hapo ndipo walipokubaliana: uje usimame mbele yao, useme kwa kinywa chako ulichofanya. Wamekupa mpaka mwisho wa Novemba. Baada ya hapo watakwenda polisi, na nitawasindikiza.

Nakuombea kila siku.

Dada yako,
Jerop


Timboroa, 19 Novemba 2024

Dada,

Usishtuke kuona nimeandika Timboroa. Nilitua Nairobi wiki jana, na leo ni siku ya nne nikiwa hapa kwa chumba cha kukodi. Kila asubuhi nafunga begi, nafika barabarani, narudi. Baridi imeniingia kifuani. Safari yote kutoka Dubai sikuogopa, ila hiki kipande kilichobaki cha kufika Eldoret kimenishinda.

Hati ya shamba ninayo. Njoo uichukue uwapelekee, wakate ploti wagawane, ni yao. Waambie nimekubali makosa yote. Wewe unajua kuongea nao. Mimi nitarudi nilikotoka.

Mdogo wako,
Collins


Eldoret, 20 Novemba 2024

Kwa Collins,

Namshukuru Mungu amekufikisha karibu. Hicho kifua kitafutie chai ya tangawizi, na usilale bila sweta.

Hati sitaichukua. Nilishawahi kusema kwa niaba yako, na unaona tulipofika. Utaibeba wewe, na wataisoma baada ya kukuona uso. Nimewaambia uko Timboroa. Wamesema watakuja kwangu Jumamosi, wote kumi na mmoja. Kwamba wamekusamehe, hakuna aliyesema, na mimi sitasema tena neno ambalo sijalisikia.

Kesho nakuja kukuchukua. Usiondoke hapo chumbani. Tutashuka Eldoret pamoja, na Jumamosi tutasimama pamoja mbele yao, kwa sababu na mimi nimo. Lakini wakianza kukuuliza, Collins, usinitazame mimi.

Dada yako,
Jerop