Sarafu Iliyogoma Kufunguka

Jumanne, tarehe 4 Machi. Manyunyu tangu alfajiri. Saa mbili jua likachungulia, likaghairi.

Kaka yangu mpendwa,

Salamu nyingi zikufikie huko kazini kwako, nikitumaini kile kikohozi ulichokitaja kimeona aibu kikaondoka. Sisi hapa nyumbani tu wazima. Goti la Mama humsumbua asubuhi, ila ikifika saa ya kwenda kupiga soga kwa jirani hulisahau kabisa. Anasema nikuambie kwamba sweta alilokufumia ni la kuvaliwa, si la kutunzwa. Wifi yangu mtarajiwa msalimie sana.

Barua yako niliipata Ijumaa, nikamsomea Mama yote isipokuwa aya moja. Kwamba wazazi wa wifi wamekualika chakula cha mchana tarehe 22, tumefurahi. Kwamba umewaahidi kuwaonyesha mazingaombwe ya Baba, ile sarafu moja inayozaa ya pili kiganjani, Mama alipiga makofi palepale alipokaa. Umeandika pia kwamba mzee wa wifi ni mtu mgumu, hajacheka nawe hata mara moja, na kwamba siku hiyo ndiyo tegemeo lako.

Aya niliyoiruka ni ile ya sarafu kugoma. Unasema ganda, ule uso wa sarafu uliochongwa tupu ndani na kuivika sarafu nyingine, limeshikana na sarafu ya ndani kwa kutu. Umeiloweka kwenye mafuta ya taa siku tatu, ukapitisha wembe ukingoni, mwisho ukampelekea fundi saa. Naye ameibana kwenye jiliwa, akaitazama kwa lenzi yake, akakuambia kwamba aliyeitengeneza alikuwa bingwa wa mabingwa, maana yeye haoni hata pa kuanzia. Nimeisoma aya hiyo mara nne. Mara mbili nilicheka hadi Mama akauliza kulikoni. Mara mbili sikucheka. Tafadhali mwambie fundi saa aache kwanza. Sababu nitaifikia, ila kwa utaratibu wangu. Hukuniita Karani bure.

Nianze na habari za kazini. Bado niko mapokezi kwa daktari wa meno. Benchi letu hukaa watu sita, kila mmoja ameshika shavu lake, na mlango wa daktari ni mwembamba, kwa hiyo mashine ikianza kulia huko ndani benchi zima husikia. Tarehe 11 Juni mwaka juzi, mwezi mmoja baada ya wewe kusafiri, alikuja dereva wa lori, mwili kama kabati. Mashine ilipolia akasimama, akaniambia kwamba amekumbuka lori lake amelipaki mlimani halina breki. Mji huu hauna mlima, Kaka. Nikamwomba anishikie kadi yake dakika moja tu, nikatoa sarafu, nikaipuliza, zikawa mbili. Akakaa. Alipoitwa, aliingia ndani huku bado anageuzageuza kiganja changu kichwani mwake, na daktari alisema hajapata kung'oa gego kwa mtu mtulivu namna ile.

Usiulize kwanza ilikuwa sarafu gani.

Tangu siku hiyo daktari ameniruhusu kuonyesha mchezo kwa kila anayetetemeka, nami nimejifunza mengi ambayo nilidhani nayajua kwa kumtazama Baba. Unakumbuka alivyokuwa akisema: kifaa chenye siri kishike kama ufunguo wa mlango wako, maana hakuna mtu anayeutazama ufunguo wake kwa mapenzi. Mimi miezi ya mwanzo nililishika ganda kama yai. Nilikuwa naling'arisha kwa majivu kila Jumapili, hadi mama mmoja mwenye jino lililooza akauliza kwa nini sarafu moja imeoga na mwenzake hajaoga. Nikaacha kuling'arisha. Halafu nikagundua kwamba ganda likiangukia meza hulia kama kizibo cha soda, si kama pesa. Ndiyo maana Baba hakuacha kutandika leso, na sisi tukadhani ni madaha.

Aliyenitoa jasho ni mwalimu mstaafu wa hesabu. Nilipomfanyia mchezo mara ya kwanza hakushangaa hata kidogo. Aliniambia kwamba amefundisha miaka thelathini na moja, na moja haijawahi kuwa mbili bila mtu kuongeza moja, kwa hiyo nimpe hizo sarafu azione. Nami, Kaka, nilifunga ngumi. Nikasema daktari anamwita, na daktari alikuwa hajamwita. Akaniambia taratibu, mbele ya benchi zima: binti yangu, mkono ulioficha kitu hufanana na uso ulioficha kitu. Benchi likacheka na mashavu yao mabovu.

Nikarudi kwenye kioo cha bafuni wiki tatu, mara arobaini kwa siku, nimeandika zote. Alipokuja tena kuendelea na matibabu, nilifanya mchezo, naye akanyoosha mkono kama kawaida yake. Safari hii sikuharakisha. Nilimpa kadi yake ya miadi kwa mkono uleule, nikamtazama usoni, nikamuuliza ni jino lipi hasa lililomnyima usingizi. Mtu akiulizwa habari za jino lake hawezi kutazama mkono wa mwenzake. Alipomaliza kunieleza, ganda lilikwisha lala chini ya daftari la wagonjwa, sarafu ya akiba imeshika nafasi yake, na kiganjani mwangu mlikuwa na sarafu mbili nzima, halali, za sokoni. Akazigonga, akazinusa, na kwa kuwa hakuridhika akaiuma moja. Akaiuma kwa jino lilelile lililomleta! Ukelele alioupiga ulimtoa daktari ndani na koleo mkononi, akauliza ni lini nimeanza kung'oa meno mapokezi. Mwalimu mwenyewe alicheka hadi machozi, ya kicheko na ya jino, akakiri kwamba hesabu imemshinda.

Sasa Kaka, kama umesimama, kaa.

Baba alipotuita sote wawili na kukupa wewe ile sarafu, alisema mtoto wa kwanza ndiye wa kushika kazi ya baba. Hakukosea, wewe ndiye wa kwanza. Lakini mimi ndiye niliyetandika leso, niliyefuta ganda, niliyesimama nyuma ya bega lake tangu nikiwa darasa la tatu nikihesabu vidole vyake. Hakuna aliyeniuliza, nami sikusema. Nawe ulipokuwa ukifunga mizigo ulisema kwamba sarafu utaiweka chini ya sanduku iwe kumbukumbu, huna nafasi ya michezo.

Asubuhi ya safari yako tulikuwa mezani, begi lako mlangoni. Nilikuomba nishike sarafu ya Baba kidogo, niiage. Ukanipa bila hata kufikiri. Nikakutazama usoni, nikakuuliza kama umekumbuka sabuni. Ukageuka kutazama begi. Uliporudisha macho, nilikuwa nakukabidhi sarafu, na ukanishukuru.

Iliyo kwako ni sarafu ya kawaida, Kaka. Haina ganda, haina kutu, haina ubingwa wowote. Fundi saa haoni pa kuanzia kwa sababu hapapo. Huo ndio mchezo wangu wa kwanza mbele ya mtazamaji, na ndio pekee ambao sijawahi kutamani kupigiwa makofi. Katika shajara yangu ya siku ile niliandika neno moja: nimeazima. Ijumaa, baada ya kusoma barua yako, nililikata kwa kalamu nyekundu, maana hakuna kuazima ambako mwenye mali hajui. Nikaandika linalostahili.

Nisamehe. Nilidhani hutaifungua kamwe, nami kila siku nilijiambia kesho. Nilipokuwazia umesimama mbele ya mzee asiyecheka, unakwangua sarafu nzima kwa kucha, nilijua kesho zimekwisha.

Sarafu ya Baba imo humu, katikati ya vipande viwili vya kadi ya miadi, nimevishona kwa uzi. Ukifungua utaona moja, ni mbili. Bonyeza ukingo kwa kidole gumba upande wenye alama ndogo ya tupa ya sonara, ganda litateleza. Una siku kama kumi na mbili za mazoezi, basi usifanye mara moja moja ukatosheka. Upande tupu wa ganda uelekee kiganja. Tandika leso. Mzee wa wifi akitaka kuishika, na watu wagumu hutaka, usifunge ngumi kama mimi. Muulize habari ya kitu anachokipenda, umtazame usoni kwa kweli, si kwa hila tu. Huenda ndivyo mtakavyozoeana.

Usinihurumie kwa kubaki mikono mitupu. Jana mwalimu alikuja kwa jino la mwisho, akadai haki yake. Sarafu ilikwisha shonwa, nikajaribu kwa sarafu mbili za kawaida na vidole tu. Moja ilinichomoka, ikabingirika chini ya benchi, wagonjwa wanne wakainama kuitafuta wakigongana vichwa. Mwalimu aliipata, akanirudishia, akasema kwamba leo angalau ameona nilichokuwa nafanya, na kwamba atakuja tena hata bila jino. Jumamosi nitaanza upya mbele ya kioo.

Mama anakusalimu na kukuombea. Jirani naye anakusalimu, anauliza kama huko mnapika wenyewe. Wifi mwambie namsubiri kwa hamu. Na nitakapokuja kuwatembelea, nikikuomba nishike ile sarafu kidogo tu, niiage, usinipe.

Ni mimi mdogo wako,
Karani

Jumatano asubuhi, kabla ya posta: bahasha niliifunga saa tatu usiku, nikaifungua nikaitazama mara moja, nikaifunga tena kwa gundi. Nililala saa nne na dakika tano.