Mfupa Ulionipa

Gitting, Hanang
Mwezi wa Julai

Mama mpendwa,

Shikamoo. Natumaini magoti yamepunguza kuuma, maana baridi ya Mbulu mwezi huu haina huruma. Mimi ni mzima wa mwili. Kaka Sulle hajambo? Na ng'ombe wake?

Uliniuliza kwenye simu kama ule mfupa ulionipa nilipopangiwa kazi bado unanisaidia. Umenisaidia sana. Anayeropoka Kiiraqw darasani badala ya Kiswahili anavishwa shingoni, kama ulivyokuwa ukifanya wewe ulipokuwa mwalimu, na anakaa nao mpaka mwenzake akosee. Darasa langu la awali limetulia kuliko kanisa siku ya Jumatatu. Mwalimu mkuu ananisifia.

Aliyeuvaa kuliko wote ni Lucia, binti wa Tluway. Alikuja shuleni hajui Kiswahili, na haukupita muda akafunga mdomo kabisa. Nikimwuliza kitu, anatazama vidole vyake vya miguu. Nikamwita baba yake, nikamweleza kwamba mtoto ni mzito wa kichwa na anawachelewesha wenzake. Tluway alinishukuru, Mama. Alivua kofia akanishukuru, akaondoka naye akachunge ndama.

Jumamosi iliyopita nilipita malishoni kwao nikitokea mnadani. Nikamwona Lucia amepanga mawe kwa mistari, anayafundisha. Nikasimama nyuma ya michongoma. Aliimba nyimbo zangu zote, kazigeuza Kiiraqw. Aliyahesabisha mawe, akayasahihisha, akayasifu kwa upole ambao mimi sijawahi kuwa nao. Jiwe moja alikuwa ameliweka pembeni, kalifunga mfupa kwa kamba ya katani. Hilo hakuliuliza kitu. Nilijitokeza nikamwuliza, kwa Kiiraqw, kwa nini hilo halifundishwi. Alinijibu bila kuogopa kwamba huyo ni Lucia, na mwalimu wake alishasema hawezi.

Nilikwenda moja kwa moja kwa Tluway kumwomba amrudishe shuleni. Alinikaribisha maziwa, kisha akasema kwa heshima kwamba mwalimu alishasema, na ndama wameshamzoea mtoto. Nilimwambia nilikosea. Akanijibu kwamba mwalimu hakosei, labda nimechoka na njia. Nitarudi tena kumwomba, ingawa najua maji yakimwagika hayazoleki.

Sasa nisikilize, Mama. Watu wote huko nyumbani wanajua kwamba wewe ndiye uliyenifundisha kuhesabu kabla sijaanza shule, na kwamba Sulle alizaliwa mzito wa kichwa. Yote mawili si kweli. Aliyenifundisha kuhesabu ni Sulle, zizini, kwa Kiiraqw, akinishikisha masikio ya ndama mmoja mmoja. Alinikataza kukuambia, kwa sababu alama ya kamba ya mfupa wako ilikuwa bado shingoni mwake. Nikanyamaza, nawe ukapokea sifa, naye ukampa fimbo ya kuchungia. Nina hasira nawe, na nina hasira na nafsi yangu.

Mfupa nimeutupa chooni, usiuulizie tena. Nisalimie mama mdogo Getruda na majirani wote wanaonikumbuka. Na barua hii umsomee Sulle, maana mwenyewe kusoma hajui. Umsomee kwa Kiiraqw.

Ni mimi mwanao,
Zita