Mwache Moraa Asomee Maabara

Mombasa, Jumapili

Kwako Mama Moraa,

Pokea salamu nyingi kutoka huku kwenye joto. Mko salama hapo Gesima? Mguu wa mama yangu umepona? Majani chai mnachuma, au mvua imezidi? Mimi ni mzima, ila mgongo unauma kila asubuhi.

Jumatano, nilipotaja Moraa asomee kazi ya maabara, ulinikatia simu ukisema: "Mtoto wangu haendi chuo kujifunza kupima mavi ya watu!" Ndiyo maana naandika.

Unajua niliacha kazi ya mjengo, sasa nasafisha maabara ya hospitali. Juma lililopita nilikuta vioo vidogo vimepangwa mezani, kila kimoja kina doa la damu. Nikasema moyoni, watu wamesoma hivi lakini hawaoshi vyombo! Nikaviosha kwa sabuni vikang'aa. Bi Zuhura, mkubwa wa maabara, akaingia.

"Vioo vyangu viko wapi?"

"Nimekusaidia kuosha, madam."

"Ya Allah! Baba Moraa, umeosha malaria ya watu!"

Kumbe damu ilikuwa inaachwa ikauke ndipo itiwe rangi. Wagonjwa wakadungwa vidole upya. Mtoto mmoja mwenye homa alilia mpaka nikatoka nje kwa aibu.

Bi Zuhura hakunifukuza. Aliniita nichungulie kwenye hadubini. Nikaona vijipete vya zambarau ndani ya damu ya mgonjwa mmoja. "Malaria ndiyo hiyo," akasema. Damu ya yule mtoto haikuwa na hata kimoja, na mama yake alikuwa amemnywesha dawa za malaria wiki nzima. Walipopima choo chake, hicho hicho unachodharau, ugonjwa ukaonekana. Sisi tulimnunulia Moraa dawa ngapi pale dukani Keumbu kwa kumshika paji la uso tu?

Nilimwuliza Bi Zuhura kama Moraa anaweza kusomea kazi hiyo.

"Kemia na baiolojia amepita? Basi asome. Diploma miaka mitatu, kisha mtihani wa leseni. Lakini asingoje shukrani, atakayesifiwa ni daktari."

Fomu yake ya kujiunga inarudishwa chuoni Kisii kabla ya mwezi kwisha, na bila sahihi yako haendi. Nakuomba uitie sahihi. Akina mama wa kanisa wakicheka, waambie nimelazimisha mimi.

Nisalimie Mama, na kaka yako fundi baiskeli. Moraa mwambie hivi: huko maabara akikosea, aseme papo hapo. Mimi ningenyamaza nilipoulizwa vioo, yule mtoto angerudi nyumbani bila kupimwa upya.

Mume wako, nimechoka lakini nina furaha,
Baba Moraa