Bibi Amemuaga Liberatus

Danieli, acha kula, soma barua hii. Leo bibi amekuja shuleni kwa lori la Mafinga, na mimi, mkuu wa watundu wote wa Iringa, nimeaibika.

Aliniita Liberatus. Baba mdogo Liberatus, aliyefia vitani Burma miaka kumi na moja iliyopita! Nikadhani ananitania, maana utani wote nimefundishwa naye. Nikapiga saluti: "Nimerudi, mama! Chakula kiko wapi?" Bweni zima likacheka.

Bibi hakucheka. Alinishika mashavu, akalia. "Mbona uliondoka bila kuniaga, mwanangu?"

Danieli, hakuwa anatania. Bila kuniaga!

Nikamtajia jina langu mara tatu. "Huyo simjui," akasema.

Mwalimu wa sayansi anatuambia ubongo huhifadhi kila kitu. Basi mimi, niliyelelewa mgongoni mwa bibi, nimehifadhiwa wapi?

Mwishowe nikapiga magoti, kama mtu anayekwenda safari ndefu. "Kwaheri, mama." Akaniwekea mkono kichwani, akanibariki kwa Kihehe, akapanda lori akitabasamu.

Liberatus ameagwa vizuri sana. Mimi hakuniaga.