Matuta ya Kifipa Kwenye Shamba la Chuo

Gaudensi mdogo wangu,

Mpelekee mama shikamoo yangu kwanza, halafu rudi ukae usome. Umekaa? Habari kubwa ni kwamba kaka yako sasa nafundisha chuo kikuu. Nikisema "geuza," wasomi wanageuza. Nikisema "hapo sipo," wanarudia.

Haya, uongo. Ni kibarua yule yule wa shamba la chuo, na wanaonisikiliza ni vibarua wenzangu wawili, mmoja hasikii vizuri. Mimi mzima, ila goti la kushoto limestaafu kabla yangu. Hapo Kasense mnaendeleaje? Mgongo wa mama umepoa?

Sasa tega sikio, maana nimemharibia binti yako jambo, na nataka ulisikie kwangu.

Restituta likizo hii yuko kwenye mafunzo kwa vitendo. Mwanafunzi anapewa kipande cha shamba akisimamie wiki nane, mwisho bwana shamba mkuu anamtilia sahihi kwenye karatasi. Usiidharau hiyo karatasi. Zamani ukimaliza chuo serikali ilikupangia kazi hata kama hujui jembe linashikwa wapi. Siku hizi imeacha, na hao wenye makampuni yao wanauliza kwanza, "Umeshafanya kazi wapi?"

Resti alipewa kipande cha maharage ya kumwagilia, na vibarua watatu. Mmoja ndiye mimi. Asubuhi ya kwanza akaja na daftari lake, akapiga goti: "Shikamoo baba mkubwa." Wenzangu wakaangua kicheko. "Leo bosi anampigia goti kibarua!" Toka hapo mtoto akashindwa kunituma. Wenzangu anawaambia, "Chimbeni hapa." Mimi ananiambia, "Baba mkubwa, kama hujachoka, labda..." Nikafaidi, sikufichi.

Wiki ya pili akaitwa ofisini kuchukua mbegu. Akaniaga, "Baba mkubwa, naomba mtengeneze matuta." Basi. Wale wengine angewapimia kwa kamba. Mimi aliona aibu kunifundisha kulima, mzee mzima. Nami nikawapanga wenzangu, tukafyeka majani, tukayafukia, tukainua matuta ya mviringo kama ya kwetu, yamekaa kama vyungu gulioni. Nikajiona fundi.

Kesho yake bwana shamba mkuu akaja, maji yakafunguliwa. Gaudensi, sisi kwetu tunalimia mvua, hatujui mambo haya. Maji ya mfereji yanataka tuta refu lililonyooka. Yakazunguka la kwanza, yakazunguka la pili, yakakosa pa kwenda, yakamrudia bwana mkubwa viatuni.

"Nani kafanya hivi?"

Mimi nikainama najikwangulia tope kwenye jembe. Binti yako akanyoosha mkono.

"Mimi. Mimi ndiye msimamizi."

"Na mavilima haya umejifunza wapi?"

"Ndivyo tunavyolima kwetu Ufipa. Majani yaliyofukiwa yanaoza, yanakuwa mbolea. Ila hapa ilibidi nielekeze matuta marefu, na sikuelekeza."

Hakunitaja. Nikaona haya mpaka kwenye goti bovu. Nikanyooka. "Bwana mkubwa, kazi ni yangu. Huyu ni mtoto wa mdogo wangu, anaona vibaya kunituma."

Akamgeukia Resti. "Kwa hiyo siku ukimkuta baba yako kazini, shamba life?"

Yule bwana akazunguka, akafukua tuta moja kwa mkono, akanusa udongo. Akasema manne yaachwe pembeni ayaangalie, maana tangu ruzuku ya mbolea iondolewe kila mtu anatafuta pa kushika. Mengine tubomoe, na wiki nane za Resti zianze upya.

Jumatatu Resti akaja, akapiga goti lake vilevile: "Shikamoo baba mkubwa." Nikaitikia marahaba. Akainuka. "Shika kamba, nenda ule mwisho. Imepinda. Rudia." Nilirudia mara tatu, Gaudensi, natukana kimoyomoyo huku nafurahi kama mjinga.

Lakini kuanza upya kunaingia mpaka kwenye mavuno, na wewe umeshamwandikia arudi kuvuna mahindi. Juzi nimemkuta anafunga begi, machozi yanamtoka. Anasema baba akiita haulizwi, karatasi basi. Na kosa ni langu, si lake.

Nisalimie shemeji, mama Resti, umwambie mwanawe amenenepa. Msalimie na dada yetu wa Chanji, ingawa hajawahi kunijibu barua.

Sasa nakudai. Unaikumbuka kengele ya kanisa la kigango uliyoipiga mchana, watu wakatoka mashambani na ndoo wakidhani nyumba inaungua? Katekista alipouliza nani, nilinyoosha mkono mimi. Fimbo nne. Miaka yote hii sijakudai hata moja.

Mwache mtoto amalize. Pika pombe ya ulezi uite majirani wavune, na yule jirani yako Msukuma alete mkokoteni wake wa ng'ombe. Mahindi yataingia ghalani bila Resti. Dereva wa lori aliyekuletea barua hii yupo hapo mjini Mazwi mpaka Alhamisi. Mpe karatasi yenye maneno mawili tu, "Baki umalize," kwa mkono wako mwenyewe. Au nimwambie mama leo nani alipiga ile kengele?

Kaka yako,
Polikapi, mwenye matuta manne chuo kikuu